Traka 41 kwenye droo: maonyesho ya Guangzhou yalivyonifundisha

Kwenye droo ya meza yangu ya kazi, hapa Kariakoo, zimebaki traka 41, vile vifaa vya kufuatilia chombo kilipo. Nzima zote. Ukizipa umeme taa zinawaka, zinashika setilaiti, zinajua zilipo kwa kukosea mita chache tu. Kasoro yake ni moja: ukishaipita Mkuranga ukaelekea Rufiji, zinakuwa bubu.

Nimekaa kuandika haya kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja alikuja dukani kuniuliza habari za kwenda Canton Fair, yale maonyesho ya biashara ya Guangzhou, China. Amechanga mtaji wake, akaongeza na wa mkewe. Maswali yake yalikuwa yale yale niliyoondoka nayo mimi: tiketi bei gani, hoteli ipo wapi, Mchina anashuka bei mpaka wapi. Nikamwambia, mdogo wangu, katika hayo yote hakuna hata moja lililoniumiza. Kilichoniumiza kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, tena kilikuwa kimefunikwa na bati.

Mimi ni fundi umeme wa pikipiki na magari. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifunga traka ninazonunua kwa watu wa jumla. Wateja wangu wengi ni wenye bodaboda. Mama ana pikipiki tatu, amewapa vijana, jioni anasubiri hesabu, na usiku anataka kujua chombo chake kimelala wapi. Nikawa naangalia faida inavyobaki kwa mwenye jumla, roho inaniuma. Nikasema mwaka huu naifuata bidhaa kulekule inakotoka.

Oktoba 2024 nikapanda Ethiopian kupitia Addis Ababa. Viza ya biashara nilipata bila shida, barua ya mwaliko wa maonyesho ilisaidia. Beji ya mnunuzi nilijiandikisha mtandaoni nikiwa bado Dar, na hilo fanyeni hivyo hivyo, maana foleni ya waliokwenda kujiandikishia mlangoni niliiona kwa macho. Hoteli za jirani na Pazhou, mahali penyewe pa maonyesho, bei hupanda sana siku hizo, kwa hiyo nililala Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, kwa yuan 260 kwa usiku. Wali na nyama vinapatikana, na treni ya chini ya ardhi inakufikisha kwenye maonyesho. Google na WhatsApp kule hazifunguki kwa intaneti ya kawaida. Laini yangu ya nyumbani yenye roaming ilifungua WhatsApp, ila bando liliisha kama maji kwenye mchanga. Pakueni WeChat ya kuongea na Alipay ya kulipia kabla ya kuondoka, na muunganishe kadi ya benki mkiwa nyumbani, mahali ambapo ujumbe wa uthibitisho unaingia bila matatizo.

Maonyesho yenyewe ni mji mzima. Yameanza mwaka 1957, yanafanyika mara mbili kwa mwaka, na kila msimu una awamu tatu za siku tano tano. Vifaa vya umeme na elektroniki viko awamu ya kwanza, tarehe 15 mpaka 19, kwa hiyo ukikata tiketi ya tarehe 23 utakuta watu wa vyombo vya nyumbani na mapambo. Msimu ule walihesabiwa wanunuzi wa kigeni zaidi ya 250,000. Milango inafunguliwa saa 3:30 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya ngozi ili nionekane mfanyabiashara. Siku ya pili nikavaa raba.

Nikiri tu kwamba nilichanganyikiwa. Kila meza ilikuwa na kitu kinachong'aa, na kila kitu kimebandikwa neno AI, hadi mswaki. Pete zinazopima mapigo ya moyo, vitasa vinavyofunguka kwa kuangalia uso, kofia za pikipiki zenye spika ndani, kola za ng'ombe. Nilisimama muda mrefu kwenye meza moja ya miwani inayotafsiri. Unaivaa, mtu anaongea Kichina, maneno ya Kiingereza yanapita mbele ya jicho kwa rangi ya kijani. Binti wa meza ile akaniambia hata lugha yangu ipo. Nikasema kwa Kiswahili, "Dada, punguza bei, nimetoka mbali." Yeye akasoma kwenye simu yake, akacheka, akachukua kalkuleta, akaandika namba, akanigeuzia. Kalkuleta ndiyo lugha rasmi ya maonyesho yale, nyingine zote ni mapambo.

Nikarudi pale mchana, saa ambayo ukumbi umefurika na kila mtu ameshika simu. Miwani ikawa haisemi kitu. Binti akaigonga gonga, akazima, akawasha, bila mafanikio. Mtandao umejaa, akasema. Hapo ndipo nikaelewa kwamba miwani haitafsiri chochote. Ina maikrofoni, ina kioo, ina redio ndogo ya kuongea na simu, na simu inatuma sauti kwenye kompyuta iliyo mbali huko, ambayo ndiyo inayofanya kazi. Nikacheka, nikajiona mjanja niliyeshtukia mchezo, nikaenda zangu upande wa traka. Na mchezo ule ule nikauziwa huko.

Meza niliyoiangukia ilikuwa ya kampuni ambayo sitaitaja. Traka ndogo, nyembamba, haiingizi maji, ina betri yake ya ndani hivyo mwizi akikata waya bado inatoa taarifa. Tena inatumia mtandao wa 4G. Muuzaji akanieleza kwamba 2G ni kitu cha zamani, nchi nyingi zinaizima, nikinunua 2G nanunua marehemu. Maneno yale yaliniingia. Akaiunganisha na betri ya mezani, ramani ikafunguka, nukta nyekundu ikatokea juu ya Pazhou. Nikajifanya mkali: nikatoa laini yangu ya Tanzania, nikamwambia weka hii. Akaiweka. Ikashika. Moyo ukatulia kabisa.

Ukikumbuka kitu kimoja tu katika habari hii, kumbuka hapo. Laini ilikuwa ya Tanzania, lakini mnara ulikuwa wa China. Nilikuwa nimepima kama traka inaelewana na minara ya Guangzhou, na hilo nani alikuwa na shaka nalo?

Tulikubaliana vipande 300 kwa dola 11.5 kimoja, jumla dola 3,450. Malipo ya kwanza asilimia 30, yaani dola 1,035, na 2,415 zilizobaki kabla mzigo haujatoka. Kwa bei ya dola ya siku zile, ni zaidi ya milioni 9 za kwetu, kabla ya usafiri na ushuru. Kesho yake nikapanda treni ya kasi kwenda Shenzhen, safari ya kama nusu saa na kidogo, nikaingia Huaqiangbei, yale majengo ya ghorofa kwa ghorofa za vipuri vya elektroniki. Nikaikuta traka yangu. Ganda tofauti, ubao wa ndani ule ule, bei chini ya ile niliyokubali. Kumbe niliyekuwa naongea naye mezani hakuwa na kiwanda. Naye alikuwa mtu wa kati, sawa na yule wa jumla niliyemkimbia Kariakoo. Kuwajua si vigumu: omba kutembelea kiwanda kesho asubuhi. Mwenye kiwanda atakutumia gari. Asiye nacho atakuambia kiko mbali sana.

Kosa la usafirishaji nalieleza kwa aibu. Nilitaka mzigo uje kwa ndege ili niwahi Krismasi. Traka zina betri ya lithiamu ndani, na betri hizo zinahesabiwa kama mzigo wa hatari. Zinahitaji ripoti ya majaribio inayoitwa UN38.3 na karatasi za usalama. Muuzaji akasema ripoti inachukua muda. Mtu wa kago akasema yeye ana njia, ataandika "vipuri vya pikipiki". Nikakubali. Mashine ya ukaguzi kule uwanja wa ndege haisomi maandishi ya juu ya boksi. Mzigo ukarudishwa ghalani, nikalipa faini yuan 1,800, ikabidi nisubiri ripoti ile ile niliyotaka kuikwepa, halafu mzigo ukaja kwa meli. Siku 52. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita.

Huku nyumbani nako nikajifunza nikiwa nimeshachelewa. Kifaa chochote chenye redio ya mawasiliano kinatakiwa kiwe na kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, cha aina ya kifaa, na TBS, shirika la viwango, wana utaratibu wa bidhaa kukaguliwa ubora hukohuko zinakotoka na kupewa cheti kabla ya kupakiwa. Haya yote ni ya kuuliza kabla ya kulipa. Wakala wangu wa forodha angenijibu kwa simu ya dakika tano, lakini nilimpigia mzigo ukiwa tayari baharini. Muda na hela zilizopotea hapo ni za uzembe wangu mwenyewe.

Basi zikafika. Nikaanza kufunga, shilingi 95,000 pamoja na ufundi, na kwa wiki mbili nilikuwa mfalme.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja wa Mbagala, adhana ya alfajiri bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hebu niambie. Mashine yako ndiyo mwongo au kijana wangu ndiye mwongo?"

Simu yake ilimwonyesha pikipiki ikizunguka Tandika saa 03:10, yaani saa tisa na dakika kumi usiku. Kijana anaapa kwamba saa hizo alikuwa amelala. Mama ameshamnyang'anya ufunguo. Nikafungua programu, nikaangalia njia aliyopita, nikaona imeishia nyumbani kwa kijana, safari ya kawaida ya mtu anayefunga kazi. Ikanijia ghafla. Traka inaandika saa za China. Sisi tuko nyuma yao kwa saa tano. Kijana alipita Tandika saa nne na dakika kumi usiku, anarudi kulala. Ilibidi niende Mbagala mwenyewe kumwombea msamaha, na mama hakuniamini mpaka nilipomwonyesha pikipiki iliyo mbele yetu, imezimwa, programu ikisema ni saa nane mchana wakati jua ndiyo kwanza linapanda.

Kurekebisha ni SMS moja ya amri kwa kila traka. Ila traka zilikuwa 300, na nyingine zimeshafungwa. Mimi na kijana wangu wa kazi tulikesha tukituma.

Wiki ya tatu ndipo kilipokuja kishindo chenyewe. Mtu wa Ikwiriri: traka haionekani tangu pikipiki imefika huko. Mwingine wa Kisarawe ndani ndani: inaonekana, inapotea. Wa Kibiti naye. Mwanzoni nililaumu laini, nikabadilisha mitandao mitatu. Nikalaumu antena. Mwishoni nikachukua moja, nikaifungua kwa bisibisi ndogo, nikang'oa gundi nyeupe, na chini ya gundi pana ubao wa kijani wenye kipande cha bati kama ukucha. Hiyo ndiyo moduli, ile redio inayoongea na mnara. Nikaweka kioo cha kukuzia. Jina refu la herufi na namba, na mwisho kabisa, baada ya kistari, herufi mbili: CN.

Jioni ile nilisoma kuliko nilivyowahi kusoma shuleni. Moduli moja hutengenezwa kwa matoleo kadhaa, kila toleo na masafa yake, yaani mawimbi ya redio yanayotumika sehemu yake ya dunia. Yangu ilitengenezwa kwa ajili ya China. Ilikuwa na masafa ya megahezi 1800, na ndiyo maana mjini ilikubali bila shida. Lakini ukitoka mjini, minara ya 4G mara nyingi hutumia masafa ya chini, ya 700 na 800, kwa sababu hayo yanafika mbali na mnara mmoja unatosha eneo kubwa. Moduli yangu hayo haikuwa nayo. Na kwa kuwa ilikuwa ya 4G peke yake, haikuweza kurudi kwenye 2G, ile 2G niliyoambiwa ni marehemu, ambayo vijijini kwetu ipo hai na inafanya kazi kila siku. Kile kibandiko cha "4G" juu ya boksi hakikudanganya. Kilinyamaza tu.

Nilirudisha hela za traka 74. Kwa 95,000, ni milioni 7 na elfu 30. Wengine walinishauri nikaushe, niseme tatizo ni mtandao. Lakini mteja wa bodaboda ana kijiwe, na kijiwe kina midomo. Traka 33 niliziuza tena kwa bei ya chini kwa watu ambao vyombo vyao havivuki mjini, nikiwaeleza wazi. Zilizobaki ndizo hizo 41.

Kuna jambo lingine lilinitisha kuliko hasara. Siku moja naandika namba ya traka kwenye programu, nikakosea tarakimu ya mwisho. Neno la siri la kiwandani ni 123456 kwa zote. Ikafunguka. Nikaona gari, si pikipiki, linatembea taratibu kwenye mji ambao majina ya mitaa yake ni ya Kihispania. Mtu asiyenijua hata kidogo, na mimi nimekaa Kariakoo namwona anakata kona. Nikafunga haraka kama niliyechungulia dirisha la watu. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2019 watafiti wa Avast walikuta traka zipatazo 600,000 duniani zikitumia neno hilo hilo la siri. Tangu siku hiyo sikabidhi traka kabla mteja hajabadilisha neno la siri mbele yangu. Na rilei ya kuzima injini kwa simu siifungi tena kwa anayeitaka kwa sababu ya hasira za hesabu. Pikipiki ikizimwa ghafla mbele ya lori kwenye barabara ya Kilwa, hiyo si ulinzi wa mali tena.

Halafu seva, ile kompyuta ya mbali inayopokea taarifa za traka. Mwaka wa kwanza wa programu ulikuwa bure, na mwaka ulianza kuhesabiwa siku traka ziliposajiliwa kiwandani, si siku nilipomfungia mteja. Asubuhi moja ya Novemba ramani zote zikawa nyeupe kwa pamoja. Dola 3 kwa traka kwa mwaka, wakasema. Kwa bahati, traka hizi zinakubali kubadilishiwa anwani ya seva kwa SMS, na ipo programu huria inayoitwa Traccar ambayo unaweza kuiweka kwenye seva yako ya kukodi. Kijana mmoja anayejua kompyuta alinisaidia kwa siku mbili. Lakini swali la kubadili seva sikuwa nimeliuliza Guangzhou. Ingekuwa haibadiliki, ningelipa mpaka leo.

Kwa hiyo safari hii nimeagiza bila kusafiri, na nimeagiza tatu tu. Nilimwomba muuzaji picha ya ubao wa ndani, bila ganda, moduli ikisomeka. Wawili walikataa, wa tatu akatuma. Nikatafuta karatasi ya maelezo ya moduli ile mtandaoni, nikalinganisha masafa yake na ya mitandao yetu, nikahakikisha na 2G ipo. Kwenye ankara ya awali nikataka jina kamili la moduli liandikwe mpaka herufi za mwisho, na kwamba ikija tofauti ananirudishia hela. Alisita siku nzima, kisha akaandika.

Moja nimeifunga kwenye pikipiki ya shemeji yangu Utete. Ina wiki ya tatu sasa, na imepotea mara moja tu, alipovuka mto. Nyingine iko kwenye Bajaji hapa mjini. Ya tatu nimempelekea mama wa Mbagala bure, aijaribu. Aliipokea, akaigeuza geuza, akaniuliza hii ya sasa inasoma saa za wapi.